Mtungi Utokao Jasho

Bwana Zargami alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alipodanganya, mkono wake ulitafuta kitambaa na kuanza kufuta vumbi. Inspekta Nozar Pakzad alikuwa ametimiza robo saa tu ndani ya duka lake la vitu vya kale, na tayari rafu tatu zilikuwa zinameremeta.

"Nakuuliza tena," alisema Inspekta. "Mtungi huu umeutoa wapi?"

"Kwa Mungu, bwana mkubwa. Riziki zote hutoka kwake."

"Alikupa na risiti?"

Sajini Teymur, aliyesimama mlangoni akitafuna zabibu kavu, alicheka mpaka moja ikampalia. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, koti lake la kazi lina mifuko minne, na hakuna hata mmoja uliokuwa na karatasi ndani.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka. Nje, soko la Kashan lilifurika watu wanaogombania samaki wadogo wekundu, vitunguu saumu, tufaha na maua ya kuweka kwenye meza ya mwaka mpya, ile ya vitu saba. Mwaka wa huko hugeuka kwa kufuata jua, si usiku wa manane, na huu ungegeuka saa nane na dakika kumi na saba mchana, na redio za wauza viatu zilikuwa zinatangaza saa zilizobaki kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Inspekta naye alikuwa anahesabu. Katika rumande ya kituo chake alikuwamo Mash Safar, mlinzi wa kilima cha Zaghan, mzee wa miaka sitini na mitatu ambaye hajawahi kuchuma hata komamanga la jirani lililovuka ukuta. Leo ilikuwa siku yake ya tatu ndani. Jana alimshika Inspekta mkono kupitia nondo akamwambia, "Mwanangu, unajua wazee walivyosema. Mtu alipo mwaka unapogeuka, ndipo atakapokuwa mwaka mzima. Mwaka ukinigeukia humu, nimekwisha." Inspekta alikuwa msomi na mambo hayo hakuyaamini, ila kila mwaka dakika hiyo ikikaribia alihakikisha hayuko msalani.

Kosa lenyewe lilielezeka kwa maneno machache. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wamefukua pale Zaghan kijiji cha miaka elfu tano, chenye vyumba vya matofali ya udongo na tanuri la mfinyanzi. Ndani ya tanuri, katikati ya vyungu vilivyopasuka, walikuta mtungi mmoja mzima. Tarehe kumi na sita ya Esfand, mwezi wa mwisho wa mwaka, msimu ulifungwa, vitu vikapigiliwa misumari masandukuni, funguo za nyumba ya wachimbaji akaachiwa Mash Safar. Siku kumi na moja baadaye, sanduku namba tisini lilipofunguliwa kwenye ghala la makumbusho, ndani mlikuwa na majani makavu na karatasi yenye namba, mtungi hamna. Mwenye funguo ni mmoja. Na daftari la lango, kwa mwandiko wa mwenye funguo huyo huyo, lilisema siku ya kufunga msimu hakuingia mgeni yeyote.

"Daktari, endelea," alisema Inspekta.

Daktari Mahvash Tavana, mkuu wa wachimbaji, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene na buti zenye tope hata siku ya sikukuu. Aliuinua mtungi wa Zargami kwa mikono miwili, akaugeuza, akachungulia mdomoni. Kisha akauweka juu ya kaunta.

"Kuna maji hapa?"

Zargami akaleta jagi. Daktari akamimina mpaka mtungi ukajaa, akakunja mikono. Wakasubiri. Teymur akala zabibu nyingine mbili.

"Gusa tumbo lake," Daktari alimwambia Inspekta. "Likoje?"

"Kavu."

"Na litabaki kavu mpaka mwakani. Umepakwa gundi kwa ndani. Mtungi wangu ulichomwa na watu wasioijua gundi. Udongo wa namna ile ukiutia maji unayanywa, halafu unatoka jasho mwili mzima. Huu wa bwana huyu umri wake sawa na mwanangu wa mwisho."

"Ana miaka mingapi?"

"Ndio anaanza shule."

Zargami akachukua kitambaa. "Mimi sijasema hata siku moja kwamba ni wa kale. Wateja ndio husema. Mimi hunyamaza tu."

"Weka kitambaa chini," alisema Inspekta, na Zargami akakiweka. "Hayo ya kunyamaza kwako tutakuja kuyazungumza baada ya sikukuu. Tarehe kumi na sita gari lako jeupe lilionekana Zaghan. Ulifuata nini?"

Mkono ulitapatapa juu ya kaunta, haukupata kitu, na mwenyewe akasema kweli. "Nilisikia wanafunga msimu. Nikadhani huenda kuna mtu mwenye kitu anachotaka kukipunguza. Lakini langoni kwenyewe sikufika, naapa! Kulikuwa na mazulia, yametandazwa njia nzima, yamejaa povu. Nimekanyaga moja tu. Ajuza mmoja akanitoa kwa ufagio mpaka kwenye gari. Nina alama mgongoni, niwaonyeshe?"

"Ajuza gani?"

"Jina nitalijuaje? Tuliongea kwa ufagio."

"Huyo ni Bibi Golandam," alisema Daktari huku akicheka. "Mwenye nyumba. Sisi tumepanga kwake, yeye anakaa kinyumba cha nyuma."

"Alikuwapo siku ile?"

"Atakosaje? Esfand hii! Alikuwa anaiosha nyumba yake kwa ajili ya mwaka mpya na kututukana sisi kwa vumbi letu."

"Daktari," alisema Inspekta polepole, "siku tatu nakuuliza nani alikuwamo ndani ya nyumba ile. Umenitajia wanafunzi wako sita, fundi wa picha, hata paka. Bibi huyu hukumtaja."

Daktari akashangaa. "Mbona yeye si... yaani, yeye ni mwenye nyumba."

Inspekta akavaa kofia yake. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

*

Mash Safar alikuwa amefagia rumande. Alikuwa pia amezikunja blanketi za wenzake wawili na kuzipanga pembeni, maana mwaka mpya hauingii mahali pachafu. Inspekta aliingia na chai mbili na vidonge vya sukari, akaketi sakafuni naye.

"Mash Safar, tarehe kumi na sita aliingia nani?"

"Nimeshasema, mwanangu. Hakuingia mgeni."

"Leo sikuulizi mgeni. Nauliza mtu. Mwenye miguu miwili."

Mzee akaweka sukari mdomoni, akanywa chai juu yake.

"Bibi Golandam aliingia?"

"Aliingia, akatoka, akaingia, akatoka. Alikuwa anafua mazulia."

"Na kwenye daftari la lango yuko wapi?"

Mash Safar alimtazama kwa masikitiko, kama vile Inspekta ndiye aliyekamatwa. "Bwana Inspekta, wewe una mama. Mwanamke wa miaka sabini na minane, nimsimamishe kwenye mlango alioingilia akiwa bibi harusi, nimwambie taja jina lako na shida iliyokuleta? Marehemu mumewe akinikuta kesho ahera nitamwambia nini?"

"Alitoka na nini?"

"Mwanamke akitoka kwake amebeba kitu chini ya shuka alilojitanda, mwanamume mwenye haya hutazama wapi?"

"Chini," alisema Inspekta akihema.

"Ndiko nilikotazama."

Miaka thelathini na moja ya ulinzi, na heshima ndiyo iliyomfunga! Inspekta alitamani kucheka na kumtikisa mzee kwa pamoja. Badala yake akafungua kidaftari chake. "Na mtungi wenyewe, siku hiyo, uliuona mara ya mwisho wapi?"

"Kwenye beseni la bluu, kando ya kidimbwi cha uani. Daktari aliuloweka asubuhi utoke chumvi. Ulikuwa umeganda chumvi kotekote, huoni hata rangi yake."

Kalamu ya Inspekta ikasimama.

"Ulikuwa umelowekwa," alisema. "Ndani ya beseni. Katikati ya Esfand."

"Ndiyo. Kwani vipi?"

Inspekta alikuwa anakumbuka beseni lingine. Majuma mawili yaliyopita, akitoka kwenda kazini, alijikwaa beseni jikoni kwake, na ndani yake kulikuwa na mtungi. Mkewe alimsema mpaka akafika kwenye gari. Alisimama ghafla hata chai ikamwagika.

"Teymur! Leta gari. Mtuhumiwa anakwenda kutuonyesha eneo la tukio."

"Leo, afande?"

"Wapi sheria imesema isiwe leo?"

"Na pingu?"

Inspekta akamtazama mzee aliyekuwa akijiinua kwa kushika ukuta, magoti yakilia. "Huyu akikimbia," alisema, "nitampigia makofi."

*

Walimpitia Daktari njiani, wakaingia Zaghan saa saba kasoro dakika kumi. Kijiji kilinuka wali wa majani mabichi na samaki wa kukaanga, na Teymur aliteremsha kioo cha gari ili asipitwe. Chini ya ukuta wa Bibi Golandam, katikati ya njia, kulikuwa na vigae vya mtungi uliovunjika, na makaa yametawanyika pembeni.

"Bibi naye kautupa wake Jumanne," alisema Mash Safar kwa kuridhika.

Jumanne ya mwisho ya mwaka, baada ya kuruka moto, watu wa Zaghan hupanda juu ya paa na kutupa njiani mtungi wa zamani, uvunjike pamoja na mabaya ya mwaka. Kila mtu garini alilijua hilo. Daktari Mahvash alilijua pia, na alifungua mlango kabla gari halijasimama. Alipiga magoti njiani, akaokota kigae, akaokota kingine. Kigae kimoja cha mdomo kilikuwa na pengo, na mtungi wake nao ulikuwa na pengo mdomoni, la umbo la mwezi mchanga.

"Daktari?" aliita Inspekta.

Daktari akakiweka kigae ulimini. Watoto wa jirani wakaacha mpira kumtazama msomi anayelamba barabara. Alisubiri kidogo, akakitoa, akakilamba tena ili awe na hakika, kisha akaketi chini njiani na kucheka kwa sauti yake nene.

"Hakishiki ulimi! Kigae cha kale hunata, kwa kuwa kinataka kunywa. Hiki ni cha kiwandani, ndugu zangu. Ni ndugu yake na ule wa Zargami!"

Mash Safar aliinua mikono akashukuru. Inspekta hakushukuru bado. Saa yake ilisema saa saba kamili.

Bibi Golandam alikwisha kufungua mlango. Alikuwa mwembamba, nyusi zimepakwa wanja, na hakutaka kusikia habari ya upelelezi mpaka wageni wameketi, wamenawa, na kila mmoja ana biskuti ya dengu mdomoni.

"Bibi, nimekuja kikazi," alisema Inspekta.

"Kazi haikimbii. Kula."

"Nimeshakula."

"Umekula moja. Moja ni ya maadui. Kula, roho yangu. Na wewe mnene, mbona unaona haya?"

"Sioni haya, bibi," alisema Teymur, na kweli sahani mbele yake ilikuwa tupu.

Mezani vitu saba vilikuwa vimepangwa na kioo na mayai ya rangi. Majani mabichi, ambayo hakuna meza ya mwaka mpya inayokamilika bila hayo, yalikuwa ya dengu, yameoteshwa kwenye sahani. Inspekta aliyatazama kwa muda, akayasogelea.

"Majani mazuri," alisema. "Ila mke wangu haoteshi kwenye sahani. Yeye hutumia mtungi."

Ilikuwa chambo, na Bibi Golandam alikimeza chote. "Sahani ni ya wavivu! Unadhani mimi nimezaliwa jana? Hii niliifanya dakika ya mwisho. Mwaka huu mimi nimeotesha mtungi ambao kijiji hiki hakijauona! Unajua tatizo la mitungi ya siku hizi? Unailoweka siku nzima, unaivika soksi, unaipaka mbegu, unaijaza maji, inakaa tu. Maji hayatoki. Mbegu zinakufa na kiu. Lakini huu, mwanangu! Ulitoka jasho mpaka nikaona huruma. Siku ya nne tu umeshachipua, mgongo na tumbo, hakuna upara hata mmoja."

Daktari Mahvash aliweka kikombe chini.

"Bibi," alisema Inspekta kwa upole, "mtungi huo uliupata wapi?"

"Si huyu hapa Mash Safar! Wakati wa theluji nilimwambia, ukishuka Kashan ninunulie mtungi, wa kwangu umepasuka mdomo. Siku ya kufua mazulia nikaukuta uani ndani ya beseni, umeshalowekwa, uko tayari kuotesha. Nikasema, jamani, adabu ya mzee huyu! Hata kuloweka amenilowekea. Nikauchukua."

Wote watano waliona beseni lile la bluu kwa wakati mmoja: msomi ameloweka mtungi utoke chumvi, mwenye nyumba ameuona umelowekwa ungoje mbegu. Nani mwingine duniani, akikuta mtungi ndani ya maji wiki mbili kabla ya mwaka mpya, angefikiri jambo jingine?

"Lakini mtungi wa kununua mimi nilisahau, bibi," alisema Mash Safar kwa sauti ndogo. "Kulikuwa na theluji."

"Ulisahau?"

"Nilisahau."

"Kwa hiyo hata kuloweka hukunilowekea!" Hilo ndilo lililomuumiza. "Basi ulikuwa wa nani?"

"Wa mfinyanzi mmoja," alisema Daktari, "aliyekuwa akikaa hapo kilimani. Miaka elfu tano iliyopita."

Bibi Golandam alifikiri. "Alijua kazi," alisema.

"Uko wapi sasa, bibi?" aliuliza Inspekta. Saa saba na dakika ishirini na tano.

"Jana nimempelekea Ashraf, mke wa huyu. Nyumba ambayo mwenyewe yuko rumande, mikono ya kuotesha majani itatoka wapi? Alikuwa hajaotesha chochote, maskini, anakaa analia. Nikamwambia shika, mwaka usikukute huna kijani mezani."

Mash Safar alifunika uso kwa kofia yake. Teymur akainama sikioni kwa bosi wake. "Afande," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na kitu mdomoni, "maana yake mali iliyopotea iko nyumbani kwa mtuhumiwa. Tukiingia pale tukaukuta, na hatuna maandishi, hakimu atamfunga na kofia yake."

"Ndiyo maana hatuingii kwanza," alisema Inspekta. "Andika. Neno kwa neno, tangu theluji mpaka soksi. Bibi atie sahihi, Daktari ashuhudie."

Teymur akaandika, ulimi nje, kwenye karatasi aliyoomba kwa mwenye nyumba. Bibi Golandam alisomewa, akarekebisha mahali palipoandikwa miaka themanini, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi?" aliuliza, macho yakimng'aa. "Kwa umri huu! Ngojeni nivae viatu. Mkienda kunitolea mtungi wangu lazima niwepo."

*

Nyumba ya Mash Safar ilikuwa mlango wa nne. Ashraf, mkewe, alipofungua na kumwona mumewe kati ya askari wawili, alimwendea moja kwa moja. Alimshika tu mkono wa koti, hakuuachia tena.

Mtungi ulikuwa mezani, kati ya siki na tufaha. Haukuonekana kuwa mtungi. Ulikuwa umeota majani kuanzia shingoni hadi chini, mafupi, mazito, mabichi mno, na ukigusa karibu ulisikia ubaridi wa maji yanayopenya.

"Mungu wangu," alisema Daktari Mahvash. Alivua buti mlangoni, akakaribia, akainama kwenye mdomo wa mtungi. Pengo lilikuwapo, la mwezi mchanga. Akatoa picha mfukoni, akamwonyesha Inspekta, akamwonyesha na Teymur, kwa utaratibu. "Ndio huu."

"Una hakika?"

"Ningeutambua hata ukivaa suti."

"Umevaa soksi yangu," alisema Bibi Golandam. "Ya pamba. Ile nzuri."

Daktari akaomba mkasi. Chini kabisa, ambako majani yalikuwa machache, alikata uzi mmoja wa soksi, halafu mwingine, akainua upindo kiasi cha vidole viwili. Akainua tena kidogo. Mizizi myeupe ilijiachia pamoja na kitambaa, na kitambaa chenyewe kwa ndani kilikuwa kigumu, kimeganda unga mweupe.

"Bibi, maji ulikuwa unabadilisha?"

"Kila asubuhi. Kwani mimi mchafu?"

"Kila asubuhi, siku kumi na nne!" Daktari alianza kucheka, machozi yakimtoka. "Sisi tungefanya hivyo hivyo kwa miezi miwili, na watu wanne. Chumvi yote imetoka nje, imekamatwa na soksi. Njooni muone. Njooni!"

Walisongamana vichwa. Penye ufa ule wa soksi, juu ya udongo wa rangi ya ngano, palikuwa na miguu minne myembamba iliyochorwa kwa rangi nyeusi, na juu yake, ikipotelea chini ya majani, pembe moja kubwa iliyopinda mpaka mgongoni. Nyuma yake ilianza miguu ya mwingine. Mbuzi wa milimani, safu nzima, wakizunguka mtungi.

"Kule mjini wasomi wenzangu waliniambia Zaghan ilikuwa kambi ya wachungaji tu," alisema Daktari. "Kwamba hawakuwa na fundi. Na mtungi huu ulikuwa ndani ya tanuri lao, na mbuzi hawa hakuna kijiji kingine kinachowachora hivi." Akamgeukia Inspekta. "Na sanduku namba tisini nililipigilia misumari mimi mwenyewe, bila kuchungulia. Nilidhani mwanafunzi ameshautia. Liandike hilo. Kosa ni langu kabla halijawa la mtu mwingine."

"Limeandikwa," alisema Teymur.

Saa nane kasoro dakika mbili. Inspekta alitoka uani akampigia simu hakimu wa zamu, maana mtu aliyewekwa ndani kwa amri hatolewi ila kwa amri. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Nchi nzima ilikuwa inapigiana kutakiana heri. Alipiga mara kumi na moja, na kati ya hizo mkewe alipenya mara moja.

"Uko wapi wewe?"

"Kazini."

"Basi utakuwa kazini mwaka mzima," alisema mkewe, akakata.

Saa nane na dakika kumi na tatu alirudi ndani. Wote walikuwa wamesimama, hawajui wakae wapi. Mash Safar alikuwa karibu na mlango, kofia mkononi, kwa adabu ya mtu asiye na ruhusa ya kukaa kwake.

"Hakimu hapatikani," alisema Inspekta. "Kisheria, Mash Safar, bado uko chini ya ulinzi wangu."

Ashraf akauma kitambaa chake.

"Nielewe vizuri. Chini ya ulinzi wangu, yaani popote nilipo mimi." Inspekta akavua viatu, akavua kofia, akaketi mezani mbele ya kioo. "Na mimi nimechoka. Naketi hapa. Mtuhumiwa, keti kulia kwangu nikuone. Wengine jipangeni. Daktari, huo mtungi?"

"Mtungi hauendi popote," alisema Daktari, akichuchumaa haraka kando ya Bibi Golandam. "Ulipo sasa hivi ni Zaghan. Naomba mwaka mzima uwe Zaghan, na mimi niwe nao."

Ashraf akaongeza sauti ya redio. Walikaa magoti yakigusana, askari wawili, msomi, mwizi, mtuhumiwa na mkewe, wakitazama samaki wawili wekundu wakizunguka ndani ya bakuli. Mash Safar alikuwa ameshika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili. Mzinga ukalia redioni, zikafuata ngoma na zumari, na mwaka ukageuka. Bibi Golandam akambusu kila mtu, Teymur mara mbili kwa sababu ya mashavu yake. Mash Safar alilia waziwazi bila aibu yoyote, na Inspekta Nozar, ambaye hakuamini mambo hayo, alilazimika kutazama siki kwa muda.

Saa nane na dakika ishirini na moja simu ililia. Alikuwa hakimu, mdomo umejaa peremende, ana haraka. Inspekta alimsomea maelezo ya Bibi, ya Daktari, na yale yaliyokutwa mezani. Hakimu aliuliza habari za soksi mara mbili.

"Basi aachiwe mara moja," alisema mwisho. "Yuko wapi mtuhumiwa kwa sasa?"

"Nyumbani kwake, Mheshimiwa."

"Nyumbani? Amri natoa sasa hivi. Yuko huko tangu lini?"

Inspekta alimtazama Mash Safar, aliyekuwa akimenyea mkewe chungwa.

"Tangu mwaka jana, Mheshimiwa."

Hakimu akacheka mpaka peremende ikamkwama. "Basi mwache huko huko," alisema.